Herufi Moja kwa Siku: shajara ya filamu yetu ya Makadara

Jumapili, 1 Juni 2025

Naanza kuandika hapa kwa sababu daftari la kwanza lilimwagikiwa chai, na la pili mtoto wa dada yangu amelijaza magari. Kwa ufupi: tunatengeneza filamu ya mapenzi ya dakika tisini hivi, hapa Nairobi, kwa pesa za chama chetu cha akiba na za mifukoni mwetu. Zimeingia shilingi 640,000. Mpiga picha wangu anasema zinatosha kupiga nusu ya filamu vizuri au filamu nzima vibaya. Nimemwambia tutapiga nzima, na ubaya tutautawanya usionekane.

Hadithi yenyewe: Kioko ni fundi wa herufi, wale wanaoandika mabango ya maduka kwa brashi na rangi ya mafuta. Zawadi ni fundi cherehani mwenye kibanda karibu na reli. Kioko anajitolea kumwandikia bango bure, ila kwa masharti ya ajabu: herufi moja kwa siku. ZAWADI USHONI. Herufi kumi na mbili, yaani siku kumi na mbili za kusimama mlangoni pa mwanamke ukiwa na sababu.

Muswada una kurasa 84. Hadi ukurasa wa 50 unakimbia wenyewe. Bango likikamilika, nao unakata pumzi. Kuanzia hapo wahusika wanaongea mno, wanalia mara mbili, kisha kuna harusi. Hiyo harusi niliiandika saa nane usiku na siipendi hata kidogo, lakini sina kingine cha kuweka hapo.

Jumatano, 4 Juni

Nimempata fundi wa kweli, upande wa Gikomba. Ana miaka sitini na kitu, na kazi imepungua tangu watu waanze kuchapisha mabango ya plastiki kwa mashine. Tutamwita Fundi tu. Nilimsimulia hadithi. Alisikiliza hadi mwisho huku akisafisha brashi kwa tapentaini, kisha akauliza:

"Mwanangu, huyu Kioko wako ni mgonjwa?"

"Kwa nini, Mzee?"

"Herufi moja siku nzima? Bango hilo mimi nalimaliza kabla ya chakula cha mchana."

Nikamwambia Kioko anadai lazima rangi ikauke kwanza. Akacheka hadi akakohoa. Rangi ya mafuta hukauka usiku mmoja, ndiyo, lakini hukauka yote kwa pamoja. Herufi hazisubiriani. Mtu yeyote aliyewahi kupaka mlango anajua hivyo.

Nilirudi nyumbani na hilo likinizunguka kichwani. Kama kila mtu anajua, basi Zawadi naye anajua. Anajua anadanganywa tangu siku ya kwanza, na bado kila asubuhi anamtolea stuli. Sikuwa nimeliandika hivyo. Nilikuwa nimemwandika kama mtu wa kushangazwa.

Fundi atamfundisha mwigizaji wetu kwa wiki tatu, shilingi 1,000 kwa siku, na atatutengenezea mabango. Mambo aliyotuonyesha leo: uzi uliopakwa chaki, unaovutwa na kuachiliwa upige mstari ulionyooka kwenye ubao, fimbo ya kuegemezea mkono usitetemeke, na kwamba S ndiyo humuumbua mwanafunzi. Nikahesabu: S ni herufi ya nane katika bango letu. Siku ya nane Kioko ataiharibu S kwa sababu Zawadi anamtazama. Limeingia kwenye muswada kabla sijavua viatu.

Jumamosi, 14 Juni

Leo tulisoma muswada wote kwa sauti, katika ukumbi wa kanisa South B tulioazimwa hadi saa tisa. Nimerudi nimechoka na nimefurahi, kwa hiyo hapa nitarefusha.

Kwetu Nairobi, kumtongoza mtu ni kumkatia, na anayekatia hurusha mistari. Mimi nilidhani nina bahati: Kioko ni mtu wa mistari ya chaki, mimi ni mtu wa mistari ya muswada, basi nikampa mistari ya kila aina. Mwigizaji wetu wa Kayole ana ulimi mtamu, akaichapa yote bila kukosea. Alipofika kwenye "umenitoboa kama sindano ukanishona bila uzi," ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Si kicheko nilichokitaka. Dada yetu wa sauti alisema mtu akimwambia hivyo stejini atapanda matatu isiyo yake, mradi iondoke.

Tukajaribu kuipunguza. Kisha kuibadilisha. Kisha mwigizaji wa Zawadi akaweka karatasi chini.

"Dairekta, niulize kitu. Mbona anayetongoza ni huyu peke yake? Mimi siku zote hizo nafanya nini, nashona tu?"

Sikuwa na jibu. Nikawaambia waigize onyesho la siku ya kumi na moja bila neno lolote la mapenzi, nione kitakachotokea. Kioko akawa anapaka N hewani. Imebaki I moja tu. Zawadi akawa anakanyaga cherehani isiyokuwepo. Kimya kirefu, mtu nje anapigia kuku kelele. Kisha bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa, akasema:

"Ongeza 'na marekebisho.'"

Kioko akasimamisha mkono. Akaanza kuhesabu kwa vidole. Na, mbili. Marekebisho, kumi na moja. Siku kumi na tatu zaidi. Uso wake ulibadilika polepole, kama mtu anayejumlisha pesa na kugundua zimezidi.

Hakuna aliyecheka. Mpiga picha alinitazama, nami nikamtazama. Hapo ndipo filamu ilipo: amedanganywa, na yeye naye akaurefusha uongo. Na neno lenyewe ni la kazi. Vibanda vingi vya mafundi hapa mjini huishi kwa kupunguza suruali na kubadilisha zipu kuliko kwa kushona nguo mpya. Ni mwigizaji aliyeliona, si mimi, na jina lake litakuwa kwenye orodha ya waandishi.

Nimefuta mistari yote ya mapenzi. Kurasa 84 zimekuwa 77. Jambo moja tu ninalolilinda ni kwamba huku ni kutongozana, si kulaghaiana. Tofauti yake nimeieleza timu hivi: anayelaghaiwa hajui hesabu, na hawa wawili wote wanahesabu.

Jumanne, 24 Juni

Makaratasi. Kibali cha kupiga filamu hutolewa chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, na bodi ya uainishaji wa filamu ndiyo itakayoipa daraja la umri ikikamilika. Kaunti nayo ina yake kwa barabara na masoko. Tumelipa, tumepewa, tumetoa nakala nne nne. Tumepata pia kibanda: mama mmoja fundi, karibu na kituo cha treni cha Makadara, amekubali tukikodi kwa wiki mbili. Badala ya kuongezewa kodi anataka kitu kimoja: tukimaliza, bango libaki kwake likiwa na jina lake. Nimemwahidi. Wiki moja baada ya kumaliza, nikasema.

Jumatatu, 7 Julai

Tulipanga kuanza leo. Ni Saba Saba, siku ya maandamano, polisi wamefunga barabara za kuingia mjini, na nusu ya timu haikuweza kuvuka. Hatukupiga chochote. Mama Chapati alikuwa ameshapika chakula cha watu kumi na mmoja. Tuliokuwepo tulikuwa wanne. Tulikula.

Jumatano, 9 Julai

Siku ya kwanza kweli.

Watu wameniuliza kwa nini tunapiga Julai, mwezi wa baridi na mawingu. Ni kwa sababu ya mawingu hayo hayo. Jua la Nairobi la saa sita mchana linakutwanga utosini, macho yanazama kwenye mashimo ya kivuli, na kila dakika kumi linatoka na kuingia. Mawingu ya Julai ni shuka moja kubwa jeupe lililotandazwa juu ya mji. Uso wa mtu saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri unakaribia kufanana. Kwa watu wasio na pesa za taa, hiyo ni taa ya bure. Kinachotubana ni jioni: huku karibu na ikweta jua likishatua, giza halibishi hodi. Una dakika ishirini, na ukikosea klapa, kile kibao cha kugonga kabla ya kupiga, mara mbili umeshazipoteza.

Ndani ya kibanda kuna taa ya mrija, na tulipoiwasha picha ikaanza kupepesa. Umeme wetu ni hezi 50, taa kama hizo huwaka na kufifia mara mia kwa sekunde, nasi tunapiga fremu 24 kwa sekunde. Dawa yake ni kuweka shata, kilango cha mwanga cha kamera, kwenye digrii 172.8, ili kila fremu ifunguke kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde na kupata mawimbi mawili kamili ya mwanga. Mpiga picha aliirekebisha kwa kidole kimoja huku akinieleza kana kwamba mimi ni mtoto. Sijali. Nimejifunza.

Treni za asubuhi na jioni zinatufuta sauti kabisa. Tuliamua kutozikwepa. Zawadi sasa anasimamisha cherehani kila treni ikipita, naye Kioko anainua brashi, wanasubiri, wanaendelea. Wote wawili kwa pamoja bila kutazamana. Sikuandika hilo pia. Naona huu utakuwa mwezi wa kutoandika mambo mazuri.

Jumamosi, 12 Julai

Nimekosana na ubao. Hatupigi maonyesho kwa mpangilio wa hadithi, kwa hiyo tuna plaiwudi nne zinazofanana: moja tupu, moja yenye herufi sita, moja yenye kumi na moja, moja kamili yenye ishirini na tano. Herufi za kati Kioko anazipaka mwenyewe mbele ya kamera. Akikosea, rangi ikiwa bado mbichi, tunaifuta kwa tapentaini. Kufikia teki ya tatu, yaani mara ya tatu ya kupiga onyesho lile lile, nyeupe ya ubao imeshakuwa ya waridi, na kufikia ya tano inafanana na kidonda. Ile S ya siku ya nane, ambayo alitakiwa aiharibu, aliipata vizuri mara nne mfululizo. Wiki tatu za mafunzo! Fundi alikuwa amekaa pembeni kifua mbele, mimi nikitamani kulia.

"Mzee, mwambie aikosee."

"Mwanangu, nimemfundisha kwa jasho. Mkosee wewe."

Tatizo kubwa zaidi aliligundua mtoto wa darasa la tatu aliyekuwa akitazama kutoka kwa jirani: "Hiyo M si ile M ya jana." Kweli. M ya ubao wa mwisho imepanua miguu zaidi. Watu wazima tisa na msimamizi wa mwendelezo hatukuiona. Tumempa soda na kiti.

Alhamisi, 17 Julai

Onyesho la faragha. Katika muswada wa mwanzo walikuwa wanalala pamoja ukurasa wa 44, kivuli ukutani, mvua dirishani, yale yale. Waigizaji walikuwa wamekubali, lakini kila tukilijadili nilisikia uvivu wangu mwenyewe. Wiki iliyopita nilikuwa nimesimama kwa mama mwenye kibanda akimpima mteja suti, nikaona jibu liko shingoni mwake limening'inia: utepe.

Kwa hiyo sasa ni hivi. Ovaroli ya Kioko imechanika. Zawadi anasema atamshonea mpya, asimame wima. Anampima. Kifua, thelathini na nane. Bega, kumi na saba na nusu. Mkono, ishirini na nne. Anataja namba kwa sauti ya kazi na kuziandika kwa chaki kwenye kipande cha boksi. Kisha kiuno, na ili kuzungusha utepe lazima mikono yake miwili impite mgongoni na shavu lake lifike kifuani pake. Hapo namba haisikiki. Kioko anauliza, "Ngapi?" Anasema, "Tulia, nimesahau. Naanza tena."

Tulikubaliana kwa maandishi kabla: utepe unapita wapi, haupiti wapi, nani yuko ndani. Watu wanne tu kwenye seti, pazia limefungwa, na neno la kusimamisha ni "uzi." Mwigizaji yeyote akilitaja tunazima kamera, hakuna swali. Lilitajwa mara moja, na aliyelitaja ni Kioko, kwa sababu alikuwa akitekenywa.

Hakuna nguo iliyovuliwa. Bodi ina madaraja manne, GE (watu wote), PG (kwa uangalizi wa mzazi), 16 na 18 (umri), nami nilikuwa nimejiandaa kwa 16. Mpiga picha anasema tutapata PG na kina mama watajifunika macho hata hivyo. Dada wa sauti alisema kupitia vifaa vya masikioni alisikia pumzi zote mbili na utepe ukikwaruza kitambaa, na kwamba alilazimika kutoka nje kidogo.

Zawadi anamaliza kwa kusema kile ambacho kila fundi cherehani wa Afrika Mashariki husema: "Njoo Jumamosi."

Jumapili, 20 Julai

Hatupigi leo. Tumekaa kwangu Umoja, sufuria ya githeri katikati, kuuzika ule mwisho wa harusi. Zimebaki siku tatu na hatuna mwisho.

Hadi ukurasa wa 60: bango limekamilika, Kioko hana tena sababu ya kuja. Anapata kazi ya kuchora ukuta Mombasa, anaondoka, hapigi simu. Kisha nini?

Msaidizi wangu alitaka Zawadi aende mahakamani. Wakili rafiki yetu alikuwepo, akatueleza kwamba Sheria ya Ndoa ya 2014 haimlazimishi mtu kutimiza ahadi ya kuoa, ila aliyepata hasara kwa ahadi hiyo kuvunjwa anaweza kudai fidia. Akaingia pia kwenye ndoa za njoo-tukae, na jinsi Mahakama ya Juu ilivyosema Januari 2023 kwamba kukaa pamoja kunaweza kudhaniwa kuwa ndoa, lakini kwa nadra na kwa masharti. Ilikuwa saa nzima ya maana. Lakini Kioko hakuahidi kuoa. Hakuahidi chochote. Hilo ndilo tatizo lake.

Mwigizaji wa Zawadi ndiye aliyesema, mdomo umejaa: "Lakini mimi nilimwahidi. Nilimwambia aje Jumamosi."

Tukanyamaza. Kila mtu pale ndani ana hadithi ya fundi. Nguo ya harusi ya dada iliyofika wakati watu wanakata keki. Sare ya shule iliyochukuliwa muhula wa pili. Njoo Jumamosi, unaenda Jumamosi, kitambaa hakijakatwa hata, anakuambia stima ilipotea. Na Kioko naye ni fundi, mtu wa rangi haijakauka. Filamu nzima ni watu wawili wanaotongozana kwa kuchelewesha. Basi mtu mmoja tu afike siku aliyosema, na mwingine awe amemaliza.

Nimeandika kurasa tatu. Maneno manne.

Jumatano, 23 Julai

Onyesho la mwisho. Kioko ameshuka basi la usiku kutoka Mombasa, ni Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Anakaa kwenye ngazi ya kibanda kilichofungwa. Zawadi anafika, anamwona, hasalimii. Anafungua kufuli. Anaingia. Anatoka na ovaroli imekunjwa, imepigwa pasi, vifungo vyote viko mahali pake. Kioko anaitazama kana kwamba ni kiumbe.

"Imeisha?"

"Si nilisema Jumamosi?"

Teki ya pili ndiyo bora. Teki ya kwanza iliharibiwa na mama mwenye kibanda, aliyekuwa nyuma ya kamera na akasema kwa sauti, "Uongo!"

Treni ilipita baada ya hapo. Wote wawili wakasubiri ipite. Sikusema "kata" hadi behewa la mwisho.

Jumamosi, 16 Agosti

Mkato wa kwanza ni saa moja na dakika hamsini na mbili. Mhariri, ambaye hakuwahi kufika Makadara na kwa hiyo hana huruma, ameondoa dakika kumi na tisa za Kioko akitembea. Nililalamikia mbili, nikarudishiwa moja. Tulisahau kurekodi sauti ya kibanda kitupu, ile ya kujazia nafasi kati ya maneno. Dada wa sauti ameokota vipande kutoka sekunde za kabla ya klapa na kuviunga. Pesa: zimebaki 31,400, na bado kusawazisha rangi za picha na kuweka maandishi ya chini.

Jumamosi, 6 Septemba

Mhariri alipiga simu Jumanne. Hatuna picha pana ya bango kamili wakati wa jioni, ile inayohitajika Kioko akiwa Mombasa. Nilimwambia tunayo. Akaniambia nimtumie. Hatuna.

Leo asubuhi tukarudi Makadara, mimi na mpiga picha na kamera moja. Bango lipo, limegongomelewa juu ya mlango, lakini ZAWADI haipo. Mahali pake pamepakwa nyeupe na kuandikwa jina la mama mwenyewe, refu kuliko letu, herufi zimebanwa ili zitoshee. USHONI NA MAREKEBISHO imebaki vile vile, pamoja na ile M iliyopanua miguu.

"Ulisema wiki moja," alisema mama. Hakuwa na hasira. Alikuwa akiweka uzi kwenye sindano. "Nikangoja wiki sita. Nikamwita Fundi mwenyewe."

"Shikamoo, mama. Pole. Tulikuwa tunahariri."

"Marahaba. Stima haikupotea?"

Mpiga picha aligeukia ukutani kucheka. Tumepiga hata hivyo, lenzi ndefu, tukianzia kwenye neno USHONI, jina likiwa nje ya fremu. Mhariri anasema inafanya kazi, labda kuliko pana. Nilikuwa nadaiwa na Fundi salio la shilingi 3,500 tangu Julai. Nikapita Gikomba nikamlipa. Alizihesabu mara mbili, akaniuliza filamu inatoka lini. Nilianza kumwambia mwezi ujao, nikanyamaza, nikamwambia nitampigia.